Mikono Mbele ya Uso

Waliokuwapo dukani asubuhi ile ya Jumamosi wanasema mapenzi yale yalianzia kwenye ugomvi, na hawakosei. Lilikuwa duka la vifaa vya ujenzi karibu na kituo cha mabasi, limejaa mpaka mlangoni: mafundi bomba, wanunuzi wa misumari, akina mama waliotumwa rangi wasizozijua majina. Mfuko wa unga wa jipsamu, ule wa plasta ya dari, ulikuwa umebaki mmoja. Mwanamume aliushika huku, mwanamke akaushika kule, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia.

"Samahani dada, huu nimeuona kwanza," alisema mwanamume. Alikuwa mrefu, vumbi jeupe limemjaa mpaka kwenye kope, na kalamu ya risasi imechomekwa sikioni.

"Macho hayanunui, kaka. Mkono ndio unaonunua, na wangu umetangulia."

Mwanamke alivaa ovaroli ya bluu yenye madoa ya rangi za kila aina, na juu yake hereni nyekundu ndefu, za mtu anayekwenda harusini. Kichwa alikuwa amekinyoa. Watu wa foleni walikwisha acha mambo yao wakawa wanatazama.

"Dari ya nyumba ipi hiyo? Niambie, huenda hata unga wenyewe huuhitaji."

"Sijengi dari. Natengeneza mikono ya wanawake."

"Kwani hawana?"

Muuza duka alicheka, na foleni nayo ikacheka. Mwanamke alingoja wamalize. "Wanayo," alisema. "Ila hakuna anayeitazama."

Mwanamume aliuachia mfuko. "Chukua. Lakini na mimi nije niione hiyo mikono. Kazi yangu ni dari, tangu ujana natazama juu tu."

Hapo alikuwa hajajua anazungumza na nani. Tuseme ukweli, mji ule ulimwita mwanamke yule Kiroja kabla haujamwita msanii. Chuoni alikosomea uchoraji mwalimu alimwambia wasichana wana mkono mzuri wa maua, naye akachora maua mpaka alipohitimu. Mwaka huohuo jumba kubwa la sanaa likafungua maonyesho ya mabingwa wa nchi, mabingwa wote wenye ndevu. Akakodi gauni la harusi, akabeba ndoo na brashi, akapiga magoti kwenye ngazi za jumba lile na kuzisugua moja baada ya nyingine huku wageni wa heshima wakiinua viatu vyao kumruka. Magazeti yaliandika "Kiroja cha mjini," na jina likamganda. Shangazi yake alimuuliza kama walimsomesha miaka yote ile aje apige deki.

Hakurudi nyuma. Aliwahi kuanika katika uwanja wa mjini nguo za wanawake, kila moja imeshonewa tusi aliloambiwa mwenyewe akiwa ameivaa. Mwanamume mmoja alilitambua neno lake kwenye blauzi ya mkewe, akasimama pale juani mpaka nguo zilipoanuliwa. Ilichukua muda, lakini walewale waliokuwa wakimwitia polisi ndio walioanza kumpigia simu kumwomba aonyeshe kwao.

Fundi wa dari alikuja siku ya kazi iliyofuata, ameoga, shati limepigwa pasi. Chumba cha kazi cha Kiroja kilikuwa juu ya kiwanda cha kuchapa, kina madirisha mapana na harufu ya wino inayopanda kutoka chini. Kwenye rafu ilikuwapo mikono mieupe iliyokatwa viwikoni: mmoja umeshika mwiko wa jikoni, mwingine umebeba mtoto asiyekuwapo, mwingine umekunja ngumi. Fundi aliizunguka kimya, kisha akainama kwenye beseni.

"Nani alikufundisha kumwaga maji kwenye unga? Unga ndio unaomwagwa kwenye maji, taratibu, halafu unauacha unywe. Usiukoroge na haraka zako hizo. Ndiyo maana mikono yako ina matundu."

"Na wewe nani alikufundisha kuingia kwa watu na kuwakaripia?"

"Mama."

Kiroja alicheka mpaka akakaa chini, naye hakuwa mtu wa kucheka na wageni. Tangu siku hiyo fundi alikuwa akitoka kwenye dari za watu anapitia kwake, anamkorogea plasta, wanakula sahani moja, wanabishana. Simu zao zilikuwa hadithi ya peke yake.

"Halo, mpenzi, uko wapi?"

"Juu ya ngazi."

"Shuka, nina neno."

"Niambie hukuhuku."

"Nakupenda."

Kikasikika kishindo cha kitu kilichoanguka, kisha sauti ya mtu akilalamika.

"Uliposema nishuke ningeshuka," alisema fundi. "Sasa nimemwangushia mwenye nyumba mwiko mguuni. Sema tena."

Kazi ya mikono ilikuwa na masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyowaponza. Kiroja alimuuliza kila mwanamke swali moja: mikono yako imefanya nini zaidi duniani? Mwanamke aliishika mikono yake vile anavyojibu, Kiroja akaifunga kwa bendeji za plasta, ikikauka akapata kalibu ya kumiminia. Baadaye mwanamke alibaki peke yake na kinasa sauti, akasema alilotaka. Sauti ile ingewekwa ndani ya mikono yenyewe, ndogo, mpaka uinamishe sikio. Kabla ya maonyesho hakuna wa kuisikia ila Kiroja, na hakuna wa kuiondoa ila mwenye mikono. Aliwaahidi hivyo wote, na hakuwahi kuvunja ahadi hata moja.

"Mchukue na mama," alisema fundi siku moja. "Ameshona sare za nusu ya watoto wa mji huu. Mikono yake ikikosekana humu, kazi yako ni pungufu."

"Kweli atakubali?"

"Kwa ajili yangu? Atakuja mbio."

Mama alikuja na gauni la kijani alilolishona mwenyewe, kola imesimama, na mkasi wake mkubwa ndani ya mkoba. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hakikukunjika; fundi alikuwa amekwisha kumweleza Kiroja kwamba kilivunjwa na gurudumu la cherehani yeye fundi akiwa mtoto. Marehemu baba yake, mwalimu mkuu aliyependwa na mji mzima, ndiye aliyemkimbiza mama hospitali usiku ule kwa baiskeli. Fundi alipenda sana kuisimulia hadithi hiyo ya baiskeli.

"Mwanangu, nenda ukaninunulie soda," alisema mama. "Na usikimbie."

Walipobaki wawili Kiroja aliuliza swali lake. Mama aliutoa mkasi, akautazama, akaurudisha mkobani. Akaweka viwiko juu ya meza, akainua mikono yote miwili mbele ya uso wake, viganja nje, kama mtu anayezuia kitu kisimpate. Kiroja alifunga bendeji bila kusema neno. Machozi yalimtoka, na mama, asiyeweza tena kusogeza mkono, alimwambia ajifute yasije yakaingia kwenye plasta.

"Mwanangu usimwambie," alisema mikono ilipofunguliwa. "Nitamwambia mwenyewe kabla ya siku yenyewe."

"Sitasema, mama."

Na hapo ndipo mapenzi yalipoanza kuwa mazito. Jioni fundi angekuja, angemshika kiuno, angeuliza, "Mkasi umetoka vizuri?" Kiroja, aliyekuwa ameifungia mikono ile kabatini, angejibu kuwa mama amependeza, halafu angegeuka kunawa mikono isiyokuwa na uchafu. Kumdanganya hakumdanganya. Lakini kulala kifuani kwa mtu huku unalijua la mama yake asilolijua yeye, hilo lilimnyima usingizi. Siku moja kabla ya ufunguzi simu ililia.

"Kipenzi, kesho nakuja na baba mdogo."

"Kwa nini?"

"Kwa nini tena? Aone shemeji yake anavyoheshimiwa. Halafu na mimi nina neno langu, nataka awepo nikilisema."

"Asije kesho. Aje wiki ijayo, watu wamepungua."

"Unamwonea haya? Kwa sababu ni mtu wa shamba, ana koti la zamani?"

"Si hivyo, mpenzi wangu."

"Ni vipi basi?"

"Siwezi kukuambia."

"Haya, Kiroja. Tutakuja," akasema fundi, na kwa mara ya kwanza alikata simu bila utani.

Kiroja akampigia mama palepale. "Mama, umemwambia?"

"Nimemkalisha kwa chai mara tatu nimwambie. Mara zote tatu nimeishia kumwongezea sukari."

"Niiondoe? Sema neno moja tu, naiondoa leo."

"Usiiondoe. Ukiiondoa sitalisema tena mpaka kaburini." Alivuta pumzi. "Acha alisikie pale. Mimi sina kinywa, na kesho mguu wangu hautafika."

Siku ya ufunguzi jumba lilijaa. Kiroja alivaa gauni jeusi lisilo na mikono na hereni zake nyekundu. Mkurugenzi wa jumba, mwanamke mwenye mikufu mitatu shingoni, alimshika mkono akimpitisha kwa wageni. Fundi aliingia na suti mpya ya bluu, kola bado inamkaba, na nyuma yake baba mdogo na kofia mkononi. Walipita kwenye mwiko, kwenye mtoto asiyekuwapo, kwenye ngumi. Wakafika.

"Mkasi uko wapi?" aliuliza fundi.

Aliinamisha sikio. Kiroja alikuwa ng'ambo ya ukumbi, hakusikia kitu, lakini maneno aliyajua yote.

"Mimi ni mshonaji. Watu wanadhani kidole hiki kilivunjwa na cherehani. Cherehani haijawahi kuniumiza. Mume wangu alikuwa mwalimu, watu walimpenda, na mchana hata mimi nilimpenda. Mikono yangu imeshona sana, lakini kuliko kushona imefanya hivi."

Baba mdogo naye aliinama, akasikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia. "Huyu mwanamke amemvua nguo marehemu kaka yangu mbele za watu," alisema kwa sauti ya chini, akatoka. Fundi hakumfuata. Kiroja alipomfikia alikuta amesimama vilevile, kichwa kimeinama.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Kila siku ninayokuja kwako, unajua."

"Aliniomba nisiseme. Alitaka akuambie mwenyewe."

"Na mimi je? Mimi ni nani kwako?" Aliinyanyua mikono ile kutoka kwenye kibao chake, akaikumbatia kifuani, akaelekea mlangoni. Kiroja alimkimbilia, akaishika upande wa viwiko.

"Si yako, mpenzi. Ni ya mama. Ni yeye tu anayeweza kuiondoa."

"Achia."

"Siachii."

Aliyeachia ni fundi. Kama aliitupa au ilimponyoka, hata yeye hakuweza kusema baadaye. Mikono ilipiga sakafu ikasambaratika, na kile kidole kisichokunjika kikaviringika mpaka kwenye viatu vya wageni.

Kisha mtu mmoja akapiga makofi. Wa pili akafuata, kisha ukumbi mzima, na wengine wakapiga mluzi wa pongezi. Kwa maana watu walikuwa wamemzoea Kiroja: vituko vyake huanza bila kutangazwa, na nani angejua kwamba safari hii si kituko? Fundi aliwatazama wale watu wanaompigia makofi, kisha akamtazama yeye. Kiroja alifungua kinywa. Mkurugenzi alikuwa amekwisha mshika kiwiko, anamnong'oneza, "Usiseme kitu. Nakuomba usiseme kitu." Naye hakusema, na fundi akaondoka na vumbi jeupe kwenye suti yake mpya.

Magazeti yalisema ni kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, mwanamume anayevunja ushahidi mbele ya macho yetu. Barua ikatoka jumba kubwa la sanaa ng'ambo ya bahari: wanataka kazi yote, na wanataka tendo la kuvunja lirudiwe kila jioni, kwa nakala mpya. Mwito kama huo Kiroja alikuwa ameungoja tangu siku za kusugua ngazi. Waandishi walipomuuliza kama kile kitendo kilipangwa, alijibu kwamba kazi inajieleza yenyewe. Hilo ndilo kosa lake, na hapa simtetei. Alijiambia anamstahi fundi, asitajwe kuwa mtu wa fujo. Ukweli ni kwamba alizipenda zile sifa, hata huku moyo unamwuma.

Alimpigia fundi mpaka akachoka. Siku moja fundi akapokea.

"Nasikia wanakupeleka mbali."

"Fundi wangu, nisikilize kwanza."

"Nataka kujua kitu kimoja tu. Nani ataigiza mimi? Mmeshampata?"

Akakata simu.

Aliyepanda ngazi za kiwanda cha kuchapa baada ya hapo alikuwa mama, anapumzika kila baada ya hatua chache, gauni lilelile la kijani. Alikataa kiti.

"Ulipanga na mtu yeyote mwanangu adhihakiwe vile?"

"Hapana, mama. Haki ya Mungu."

"Basi mbona hujasema?"

Kiroja aliinamisha kichwa.

"Mimi nilinyamaza maisha yangu yote nikidhani namstahi mtu," alisema mama. "Unaona matunda yake. Mwanangu haji kwangu. Akija anaangalia kidole changu, anaondoka. Mimi yangu nimeyasema. Na wewe yako kayaseme."

Hafla ya kumuaga ilifanyika katika ukumbi uleule, pale kibao kitupu kilipokuwa kimeachwa kwa makusudi na taa yake juu. Mkurugenzi alisoma hotuba ndefu. Zamu ya Kiroja ilipofika alivua hereni akazishika mkononi.

"Mlichokipigia makofi siku ile hakikuwa kazi yangu," alisema. "Yule ni mtu ninayempenda. Alikuwa amesikia habari ya mama yake kwa mara ya kwanza, moyo ukampasuka, na sisi tukashangilia. Mimi nilikuwa najua na nikanyamaza ili mnisifu. Kitendo kile hakitarudiwa, hapa wala ng'ambo."

Safari ikafa wiki ileile. Waliomwita msanii wakarudi kumwita Kiroja, na hawakutania. Mkurugenzi alimwambia angeweza kuwa mtu mkubwa kama angejua tu kufunga mdomo, na Kiroja akajibu kwamba alijaribu.

Fundi alikuja siku ya mvua, mchana, amelowa. Alikuta mikono yote, ila ya mama, imerudi kwenye rafu. Walitazamana, halafu wakakumbatiana pale mlangoni, wakalia bila kuoneana haya.

"Nimekwenda kwa mama," alisema fundi. "Tumezungumza. Nimemshika kile kidole."

"Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe. Na mimi nisamehe kwa mikono ya mama." Alijifuta uso kwa kiganja. "Siku ile nilikuwa na pete mfukoni. Ndilo neno nililotaka baba mdogo alisikie."

"Nilihisi."

"Ninayo hata sasa. Nikikuoa utakubali?"

"Nitakubali," alisema Kiroja, akiwa hajapumua.

"Niahidi kitu kimoja basi. Siku nyingine ukiambiwa jambo linalonihusu, la mama, la dada yangu, la binti yetu tukijaliwa, uniambie mimi kwanza. Siwezi tena kuwa mtu wa mwisho kujua katika nyumba yangu."

Mvua iligonga madirisha. Kiroja aliitazama rafu. Alifikiria jinsi ambavyo neno moja, ndiyo, lingempa mume huyu, mikono hii mikubwa yenye vumbi, kelele zake kuhusu maji na unga. Alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu.

"Wakiniambia niseme, nitasema," alijibu. "Wakiniomba nisiseme, sitasema."

"Hata kwa mumeo?"

"Hata kwa mume wangu. Wanakuja kwangu kwa sababu hiyo tu."

Fundi alitikisa kichwa polepole. Hakukasirika; ingekuwa afadhali angekasirika. "Najua uko sawa," alisema. "Lakini mimi nimelelewa ndani ya siri. Nikijua iko nyingine chini ya mto wangu sitalala. Nitakuwa nakuchungulia usoni kila siku, nitakuuliza, nitakuchosha. Mwisho nitakuwa mtu mbaya kwako, na mimi nimeshajua natoka kwa nani."

"Wewe si yeye."

"Sitaki kujaribu juu yako nione."

Alimbusu kwenye paji la uso, akashuka. Kiroja alisikiliza viatu vyake mpaka kelele za mashine za kuchapa zilipovimeza, kisha akakaa sakafuni, akalia kwa sauti kama mtoto.

Simu ililia bado hajainuka.

"Amekuja?" aliuliza mama.

"Amekuja, mama. Ametaka kunioa."

"Na wewe?"

"Ameniomba ahadi nisiyoiweza. Nisimfiche neno la mtu yeyote."

Upande wa pili cherehani ilikuwa ikizunguka, ikasimama. "Si ungemwahidi tu," alisema mama taratibu. "Halafu ukaendelea kunyamaza. Asingejua."

"Ningemdanganya, mama?"

Kiroja akasikia pumzi za mtu anayelia na hataki kusikika.

"Hapana," alisema mama. "Usimdanganye. Mimi nimemdanganya vya kutosha."

Cherehani ikaanza kuzunguka tena. "Kula kitu," alisema mama hatimaye. "Kesho nitakuja tuipige plasta mikono yangu upya. Kwaheri, mkwe wangu."

"Kwaheri, mama," alijibu Kiroja, wala hakumsahihisha.